Tundu la Mraba Bila Kushika Drili

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji kaleta kazi karakanani kwake. Dirisha la mama wa duka la dawa, wezi wameingia tena. Paipu zitobolewe matundu ya mraba, nondo za mraba zipite humo, zisizunguke. Kanipa mimi. Mimi! Kasema toboa kwa drili, kona malizia kwa kusugua na tupa. Nikaitikia ndiyo shemeji. Drili siishiki. Mwaka jana ilinikamata shati ikanivua mbele za watu. Ikilia tu, nashika vifungo vya shati.
Shemeji kaongeza: isipokwisha Jumamosi, narudi kwa mjomba. Mjomba anachimba vyoo. Shimo refu, giza, na mimi ndani.

Jumanne, 4
Domo, mwenzangu wa karakana, keshatoboa paipu yake, anapiga tupa huku anaimba. Kaniuliza, vipi bosi, unasubiri paipu ijitoboe? Nikacheka kidogo. Akili yangu inafanya kazi. Nondo ya mraba nikiinoa ncha, nikaigonga na nyundo, si tundu litatoka la mraba? Drili ya nini!
Mchana. Nimegonga. Paipu imebonyea kama kopo la maziwa. Nimeificha chini ya magunia ya mkaa. Shemeji kaja kukaa juu ya magunia yale yale. Jasho!

Jumatano, 5
Dawa nimepata. Paipu inabonyea kwa sababu ndani tupu. Nimeijaza mchanga, nikaulowesha ushikane. Nimembembeleza Domo achomelee vifuniko vya mraba huku na huku. Kauliza, mchanga mkavu huo? Nikamwambia mchanga ni mchanga, kaka. Kesho naitia motoni ilainike, ndipo nigonge.

Alhamisi, 6
Paipu motoni, ikaanza kupiga mluzi. Nikasogea nyuma. Domo akasogea zaidi. Mara BUU! Mkaa mpaka darini. Mimi chini ya meza, sijui nilifikaje. Kifuniko kimeruka, kimetoboa bati la ukuta wa ofisi, kimepita kati ya shemeji na kikombe chake cha chai. Nikajua kafa. Nikalia. Halafu nikasikia ananiita, taratibu. Bora angefoka.
Kasema Jumamosi asubuhi: paipu moja, drili, tupa, yeye anatazama. Nikishindwa, kwa mjomba.

Ijumaa, 7
Dada keshakunja mashati yangu. Kasema, mdogo wangu, shika tu hiyo drili, si nyoka. Domo naye kajitolea kunishikia paipu. Hata hakunicheka. Hapo ndipo nikaogopa kweli.

Jumamosi, 8
Nimefika kabla yao. Drili nimeiangalia, nayo ikaniangalia. Nikaenda kuchungulia tundu la bati. Jamani! Mraba! Kona nne safi, wala tupa haijapita! Kumbe njia yangu ilikuwa sawa. Kosa ni moja tu: mbele palikuwa na bati, hapakuwa na paipu.
Paipu ya dirisha nimeshaifunga pale pale, mbele ya tundu. Nyingine nimeijaza maji matupu mpaka juu, kifuniko nimekichomelea mwenyewe, macho nimefumba. Moto umeshika. Mluzi umeanza. Nasikia viatu vya shemeji mlangoni.
Afadhali. Ni mnene, nitajificha nyuma yake.