Pweza wa Mwalimu Geng

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepata tatu. Tatu kati ya kumi na tano, ufahamu wa Kiingereza, mtihani wa wiki. Bian Zhuo, jirani yangu wa dawati, amepiga hesabu pembeni mwa daftari lake: kuku aliyefungwa macho, akidonoa A, B, C au D, angepata karibu nne. Nikamwambia kuku hana mtihani wa kuingia chuo kikuu mwezi wa sita. Akakubali kwamba hilo ni kweli. Ila kuku bado kanizidi, akasema.

Karatasi aligawa Fei Luoyi, mwakilishi wa somo la Kiingereza katika mkondo wetu wa nne. Ana mtindo wake wa kugawa. Mwenye alama nyingi anampa karatasi imefunuliwa. Mwenye chache anamkunjia mara mbili, kwa huruma, halafu anampigapiga begani. Darasa zima, watu hamsini na wawili, linajua maana ya kukunjiwa. Yangu kaikunja mara tatu.

Mchana simu ya ukutani bwenini. Mama. Mwalimu Geng, wa Kiingereza, alishamtumia alama kabla hata mimi sijaifunua karatasi.

Mama yuko Ningbo, kiwanda cha makoti. Mwezi wa nane wamempa usimamizi wa laini ya vifungo, wanawake kumi na mmoja chini yake. Tangu siku hiyo anaongea kama mtu aliyesimama. Leo aliongea kama mtu aliyeketi.

“Manhe, mwanangu,” akasema, “Jumamosi kuna mtihani mkubwa. Ukiwa tena katika kumi wa mwisho, naacha kazi. Narudi, napanga chumba mbele ya geti la shule, nakupikia, nakaa nawe ukisoma.”

Nikamuuliza, na vifungo je? Akasema vifungo vitashonwa na wengine. Kisha akaniuliza kama nala vizuri.

Basi. Sitaki mama aache vifungo vyake. Wala sitaki akae nami nikisoma, maana ataona kwamba sisomi. Lazima ipatikane mbinu.

Jumanne, 15 Oktoba

Imepatikana. Kosa la watu wote ni kusoma kifungu. Kifungu ni mtego, kimewekwa pale kukupotezea muda. Jibu limo kwenye majibu yenyewe. Waliotutangulia shuleni walituachia msemo: tatu ndefu moja fupi, chagua fupi, tatu fupi moja ndefu, chagua ndefu. Wakaishia hapo, wavivu. Mimi nimechukua mitihani ya miaka tisa na kupima kila jibu kwa rula. Jibu sahihi lina wastani wa milimita arobaini na sita. Nashangaa hakuna aliyewahi kuligundua hili.

Kipindi cha kujisomea nikajijaribu. Dakika hamsini zilinitosha kupima vifungu viwili tu. Bian Zhuo, ambaye hana mbinu yoyote, anasoma tu kuanzia juu kwenda chini, alimaliza vyote vinne, akamenya chenza, akanipa nusu.

Majibu: nne. Nimemfikia kuku.

Bian Zhuo akanishauri nisome. Alisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila zangu zimenifunika macho. Nimemsamehe kwa sababu ya chenza.

Jumatano, 16 Oktoba

Jaribio la ghafla asubuhi, maswali matano. Nilikuwa tayari. Nimemchunguza Fei Luoyi kwa siku mbili. Anakaa safu mbili mbele yangu, upande wa kushoto, na kabla ya kuandika jibu lazima ajiguse. Sikio, shingo, kiwiko, kifundo cha mguu. Sehemu nne, majibu manne. Sikio ni A. Mtoto mdogo angeona.

Nikafuata. Shingo, shingo, kifundo, sikio, kiwiko.

Sifuri.

Wakati wa chakula nikamsikia Fei Luoyi akilalamika kwa meza nzima kwamba chandarua chake kimetoboka na mbu wamemmaliza. Anaonyesha alama: sikio, shingo, kiwiko, kifundo. Kumbe nimenakili kwa mbu.

Mwalimu Geng ni mpole. Akikasirika hupandisha tu miwani hadi kwenye paji la uso. Leo ilifika kwenye nywele. “Manhe,” akasema, “sifuri ni kazi ngumu. Hata mtu akibahatisha, sifuri inamkataa. Ulifanyaje?” Nikajibu kwamba nilikuwa makini sana. Adhabu: kubeba madaftari ya darasa zima hadi ofisini kwake.

Na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mezani kwake, chini ya gilasi ya chai, kuna karatasi. Picha ya pweza. Kiingereza kimejaa juu na chini. Maswali, A, B, C, D. Kila mtu anajua kwamba mtihani wa Jumamosi anautunga Mwalimu Geng mwenyewe. Nilipata muda wa kusoma neno moja tu kabla hajaingia, lile lililo chini ya picha. Lakini neno moja lilinitosha. Moyo ulinidunda. Pweza anayo mioyo mitatu, hili nimeliongeza Alhamisi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maktaba ina kitabu kimoja tu cha Kiingereza kuhusu wanyama wa baharini, nacho kimeazimwa. Na nani? Na nani mwingine.

Nikaenda kitandani kwa Fei Luoyi na kumwomba kwa adabu. Akaniangalia kama niliyeomba figo yake.

“Wewe? Kitabu cha Kiingereza? Kwa hiari yako?”

Nikamwambia shangazi yangu anafungua mgahawa, anataka kupika pweza. Akasema kitabu hicho hakina mapishi. Nikasema shangazi anapenda kumjua anayempika. Tukavutana. Mwisho nikampa dawa yangu ya kupaka ya mbu, chupa nzima, naye akanipa kitabu. Alikubali haraka kuliko nilivyopenda.

Mapumziko yote nikashinda na pweza. Kurasa thelathini na moja, kamusi pajani. Damu yake ni ya buluu. Anabadilisha rangi akiogopa. Anafungua chupa yenye kifuniko, akiwa ndani yake. Jike hulinda mayai miezi mingi bila kula, na yakianguliwa hufa. Hapo nilifunga kitabu kidogo, nikatazama dirishani. Kisha nikaendelea.

Bian Zhuo akauliza nafanya nini. Nikasema upelelezi. Akatazama kitabu, akatazama kamusi, akatazama orodha yangu ya maneno mapya hamsini na nane.

“Si ndiyo kusoma huko?” akasema.

Nikamweleza kwamba kusoma ni kitu kingine kabisa. Kusoma hakuna lengo. Hii ni mbinu.

Jumamosi ana kwa ana na pweza. Simhofii mtu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siri imevuja. Fei Luoyi si mjinga. Aliwaza usiku kucha kwa nini mimi, wa tatu kutoka mwisho, nitake pweza siku mbili kabla ya mtihani. Asubuhi akaniotea kwenye mazoezi ya viungo, katikati ya kunyoosha mikono, na kunong'ona, “Umeona nini ofisini?” Nikasema sijaona kitu. Nasikia nilisema hivyo nikiwa nimeangalia juu mawinguni.

Kufika saa nne watu kumi na mmoja walikuwa wakisoma kuhusu pweza. Kufika mchana sijui hata wangapi. Magazeti ya Kiingereza ya maktaba yalikwisha. Kuna aliyepata makala ya ngisi na kujifariji kwamba ni ndugu mmoja. Kantini mtu alimuuliza mpishi kama leo kuna pweza, mpishi akasema kuna kabichi, kama jana.

Mwalimu Geng aliingia kipindi cha mchana akakuta watu hamsini wameinamia Kiingereza, kimya, bila kulazimishwa. Akatoka nje. Akatazama kibao cha mlangoni. Akaingia tena, akaketi polepole.

Jioni Fei Luoyi akaja dawatini kwangu. “Dada Manhe,” akaniita. Tangu lini? Alitaka kujua, wakiuliza hisia ya mwandishi pale jike anapokufa, jibu litakuwa lipi. Nikafikiri. Nikasema: heshima iliyochanganyika na huzuni. Akasema yeye angechagua kustaajabu. Tukabishana karibu nusu saa, kila mmoja akionyesha mstari wake kitabuni. Kwa mara ya kwanza hakunipigapiga begani. Nilikaribia kumpenda, nikajizuia.

Jumamosi, 19 Oktoba



Kifungu cha kwanza: basi la vitabu linalozunguka vijijini. Cha pili: msichana anayelima nyanya juu ya paa. Cha tatu: vijana na usingizi. Cha nne: daraja la kale na mzee anayelitunza. Nikageuza karatasi. Nyuma tupu. Nikaigeuza tena. Nikainyanyua kwenye mwanga. Nikanyoosha mkono.

“Mwalimu, karatasi yangu imepungua ukurasa.”

“Ukurasa gani?”

“Wa pweza.”

Miwani ikaanza kupanda. “Pweza gani?”

Kalamu ya Fei Luoyi ilianguka sakafuni, darasa zima tukaisikia. “Mwalimu,” akasema kwa sauti ndogo, “hata yangu imepungua.” Mtu wa nyuma akasema na yake. Kisha wengine wanane.

Mwalimu Geng akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikaona kabisa jambo likimjia kichwani. “Ile iliyo chini ya gilasi yangu?” akasema. “Ni mtihani wa mwaka juzi. Naweka chai juu yake isichafue meza.”

Watu hamsini walinigeukia kama mtu mmoja. Bian Zhuo peke yake aliendelea kuandika. Alikuwa kwenye swali la saba.

Ningefanya nini? Rula niliiacha bwenini. Nikamwangalia Fei Luoyi. Hakujikuna hata mara moja, dawa yangu ilikuwa imemponyesha kabisa. Sikubaki na kitu duniani isipokuwa kifungu chenyewe. Basi nikakisoma, kwa hasira, neno kwa neno, kama nilivyomsoma pweza. Nilishangaa kwamba basi la vitabu lilikuwa likienda mahali. Neno lililopigiwa mstari nililijua: kung'ang'ania, kama pweza kwenye mwamba. Yule msichana wa nyanya alikuwa na jirani mwenye roho mbaya, nikawa upande wa msichana hadi swali la mwisho. Yule mzee wa daraja alinikumbusha mama, sijui kwa nini. Mzee hana hata kifungo kimoja.

Nimekwisha. Mama ataanza kufunga mizigo kesho.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakuna anayeongea nami. Ubaoni kuna mtu amechora pweza mwenye nywele zangu. Nilikula tambi za mchele mbele ya geti peke yangu, kisha Bian Zhuo akaja akaketi, akanipa yai lake. Juu ya duka la tambi kuna kibao: chumba cha kupangisha. Dirisha linatazama moja kwa moja darasani kwetu. Mama angelipenda sana.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kumi na mbili.

Narudia, maana hata mimi nimerudia kutazama: kumi na mbili kati ya kumi na tano. Nimekuwa wa kumi na tisa darasani. Fei Luoyi kapata zote, kama kawaida, na karatasi yangu alinipa imefunuliwa, uso kama aliyelamba ndimu. Mkondo wetu umewapita mkondo wa tano kwa wastani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwalimu Geng alituhutubia kwa furaha. Alisema siri ni mazoezi yake ya kusoma kwa sauti alfajiri, na kwa kuwa yamezaa matunda kiasi hiki, ameyaongeza mara mbili.

Nikampigia mama. Hakuamini, ikabidi nimpe Bian Zhuo athibitishe.

“Umesoma?” mama akauliza.

“Hata kidogo, mama. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na pweza. Ni mbinu tu.”

Nyuma yake cherehani zilikuwa zinanguruma. Halafu nikamsikia akimwambia mtu kwamba kifungo cha tatu kimekaa upande, afumue, aanze upya. Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama. Akarudi kwenye simu. Akaniambia nile vizuri, yeye ana kazi. Nikabaki nimeshika simu kidogo. Korido ile ina vumbi, huingia machoni.

Njiani kurudi darasani Bian Zhuo alinieleza nadharia yake. Eti Alhamisi na Ijumaa nilisoma kurasa zaidi ya sitini za Kiingereza kwa kamusi, na darasa zima vilevile, ndiyo maana tumefaulu. Nilimwacha amalize. Ana moyo mzuri, lakini haoni mbali. Mbinu ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni mnyama.

Nimeshafanya uchunguzi. Mtihani wa Novemba unatungwa na mwalimu wa mkondo wa tano, na mwalimu huyo anafuga njiwa. Maktaba kuna kitabu cha njiwa cha Kiingereza, kurasa mia mbili na kumi, na safari hii nimekiwahi kabla ya Fei Luoyi. Niko ukurasa wa arobaini. Bian Zhuo anataka tufanye pamoja mazoezi ya ufahamu kila mchana. Nimemshukuru, nimemkatalia. Na njiwa hawa wote, saa za kusoma nitazitoa wapi?