Kete Iliyopotelea Jichoni mwa Kiranja

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, jua lilikuwa kali na upepo haukuwapo hata wa kutikisa ukurasa. Kinyozi aitwaye Gazeti, kwa kuwa habari hailali tumboni mwake, alifika kwenye benchi la kahawa akisoma kwa sauti.

"Wataalamu wanasema kila jicho lina doa lisiloona. Mishipa ya kwenda kwenye ubongo inatokea hapo. Basi ubongo unajaziajazia tu."

"Unajazia nini?" akauliza Shangazi, mwenye birika.

"Kilicho jirani. Ukuta ukiwa mweupe, unapaka nyeupe."

"Kumbe nao unalipua kazi kama mafundi wa paa langu."

Kiranja hakucheka. Aliwahi kuwa kiranja mkuu wa bweni, na moyoni hakuwahi kuuvua wadhifa ule. Wiki tatu zilizopita aliona kete ya Dakika, fundi saa, ikitoweka kwenye ubao wa drafti ilipotakiwa kuliwa, kisha ikarejea. Akamwita mwizi, akamtaka aombe radhi amesimama na kuosha vikombe wiki nzima. Dakika alikataa, akafungiwa drafti. Tangu hapo wateja wakimpa saa huhesabu mishale kwanza.

"Jicho langu halina doa," alisema Kiranja. "Labda lako, linaloshinda visogoni mwa watu."

Dakika akasogea kutoka ukingoni mwa benchi. "Kaka mkubwa, siku ile ulikaaje?"

"Kama wakaavyo wenye akili. Shavu kiganjani."

"Kiganja kikaziba jicho gani?"

Kiranja akakohoa.

"La kushoto," akajibu Shangazi. "Miaka yote. Mimi nilidhani anasinzia."

"Ndiyo hapo," akadakia Gazeti. "Macho mawili yanasitiriana, moja likikosa lenzake linaona. Ukiziba moja, aibu iko nje."

Dakika akapanga kete mbili ubaoni: nyekundu kushoto, nyeusi kulia, kati yao upana wa vidole vinne. Kisha akaweka mikono yake kichwani. "Ziba la kushoto. Tazama nyekundu tu. Shusha uso polepole."

Kiranja akainama kama akaguaye kitanda bwenini. "Naziona zote. Zote. Zo..."

Nyeusi haikuwapo. Mahali pake palikuwa na ubao mtupu, safi kana kwamba umefagiliwa.

"Irudishe," akanguruma.

"Mikono iko kichwani, kaka mkubwa."

Kiranja akazibua jicho. Kete ilikuwa palepale, imetulia kama mgeni aliyeshiba. Akaziba, ikaondoka. Akazibua; ikarudi. Mara ya saba Gazeti akamwambia ataichosha.

"Na anayesingizia, adhabu yake nini?" akauliza Dakika.

"Ileile ya mwizi," akasema Kiranja, taratibu, maana sheria aliitunga yeye.

Akasimama, akafunga kifungo cha shingoni, akanyoosha mikono ubavuni. "Fundi, sikukuona ukiiba. Nilijaziwa. Naomba radhi mbele ya hawa wote."

"Nimepokea," akasema Dakika, akaketi mbele ya ubao kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Shangazi akasukuma sinia la vikombe vichafu hadi kulia kwa birika. "Bado hivi, mkuu wa bweni."

Kiranja akaketi. Akaziba jicho la kushoto, akaikodolea birika kwa heshima zote.

"Vikombe gani?"