Vitanda Kumi na Kimoja

Le Havre, Jumatatu, 4 Machi 2019

Odile ameondoka. Saa nne asubuhi, sanduku moja, mwavuli mmoja. Amekwenda Fécamp kwa dada yake Solange. Si kwa hasira, amesema. Mgongo umechoka, na moyo nao umeanza kuchoka. Nyumba ina vitanda kumi na kimoja, na hakuna hata kimoja cha kulala mtu na mumewe! Hayo ni maneno yake. Nikamweleza kwa mara nyingine kwamba hivi ni vitanda vya kupumzikia mchana, mwaloni mtupu, kazi ya miaka ya hamsini. Upana sentimita themanini. Havikutengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Akasema ndilo hilo hasa analolisema.

Ni kweli kwamba Oktoba nilikitoa kitanda chetu cha ndoa. Kilikuwa cha dukani! Mbao za kubandika kwa gundi! Nilikiweka kando ya barabara siku ambayo manispaa huzoa makorokoro makubwa, na kabla ya saa sita kulikuwa na mtu aliyekwisha kukichukua. Wapo watu wasio na macho. Tangu hapo Odile analala kwenye Namba Nne, ukuta wa mashariki, na mimi kwenye Namba Saba, ukuta wa magharibi. Tunatakiana usiku mwema kwa kupaaza sauti.

Atarudi Jumapili baada ya chakula cha mchana, kuangalia. Akikuta kitanda cha wawili, atabaki. Asipokikuta, Solange ameshamwekea chumba chenye dirisha la kutazama bahari. Tumeoana miaka thelathini na sita. Nimeogopa. Nakiri hapa tu.

Mtu mwingine angekwenda dukani leo hii. Mimi si mtu mwingine.

Jumanne, 5 Machi

Mungu yupo, na anapanga foleni ya mkate!

Nieleze kwanza. Vitanda vyangu vyote kumi na kimoja vina alama moja: herufi R, imechomwa kwa chuma cha moto upande wa ndani wa tendegu. R ya Roquebert, fundi mkuu asiyejulikana. Hajulikani kwa sababu ni mimi niliyemgundua. Jina lake nililisoma kwenye kibao kilichofifia cha karakana moja bandarini, nikaunganisha mambo. Nimeliandikia jarida la samani za kale mara nne. Hawajajibu. Bila shaka wanahakikisha.

Leo, kwenye foleni, mbele yangu alikuwepo Bi Ozanne, mjane, miaka themanini na minane, mdogo wa umbo na mkali wa macho. Alikuwa akimwambia muuza mkate kwamba mwisho wa mwezi anahamia Rouen kwa binti yake, ghorofa ya tano, na kitanda chake hakitaingia kwenye lifti. Kitanda kikubwa cha watu wawili. Cha mwaloni. Na asijue atakifanyia nini, maana hata hivyo ile R kwenye tendegu inamkwaruza soksi kila asubuhi.

R! Cha watu wawili! Mkate ulinidondoka.

Aliyeniokotea ni Bastien Quesnel. Kwa nini kila ninapopata bahati, Quesnel yupo nyuma yangu? Yeye ana duka la vitu vya kale, gari la mizigo, na masharubu. Mimi nina jicho tu. Akanikabidhi mkate kwa adabu. “Pole, mzee Gaétan. Mikono inatetemeka siku hizi?” Mzee! Ananizidi miezi minne.

Amesikia kila kitu. Nimeona masharubu yakisikia.

Jumatano, 6 Machi

Mpango. Mwenye mali akijua mali yake ni mali, haiuzi. Kwa hiyo asijue. Nitajifanya mkaguzi wa dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mbao. Nitakuta dalili. Nitasikitika. Nitajitolea, kwa usalama wa jengo zima, kukiondoa kitanda bure. Dalili nitakwenda nazo mwenyewe: unga wa mbao, kiganja kimoja, mfuko wa kulia wa koti.

Nimefika saa tisa. Koti la mvua, tochi, daftari. Bi Ozanne akanikaribisha bila swali. Nikaingia mvunguni mwa kitanda. Lo! Mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, minene, chaga zimepinda kidogo kwa uzito wa miaka, na katikati, toka kichwani hadi miguuni, kiungo cha ajabu ambacho sijapata kukiona. Yeye juu yangu alikuwa akieleza jambo kuhusu mumewe Marcel na arusi yao. Sikusikiliza sana, nilikuwa nahesabu chaga. Kisha nikanyunyiza unga wangu, nikatoka nimekunja uso.

Nikamwambia, mama, hali ni mbaya. Dumuzi.

Akainama taratibu, akachota kidogo kwa vidole viwili, akanusa.

“Huu ni msonobari, mwanangu.”

Nikasema huenda.

“Kitanda ni mwaloni. Kwa hiyo dumuzi wako wanakula kwao halafu wanakuja kunya kwangu?” Akanitazama mfukoni. “Miaka hamsini na minne nimelala na seremala. Sema unachotaka, kahawa inapoa.”

Nikasema. Nilikuwa nimeona haya hata masikio yakawaka, kwa hiyo nikasema ukweli wote: vitanda vyangu, Odile, Fécamp, Jumapili. Akasikiliza akichovya biskuti. Kumbe asubuhi Quesnel naye alikuja, na maua, akauliza upande upi wa kitanda una hali nzuri zaidi, maana angekitenganisha na kuuza vipande viwili. Akarudishiwa maua yake.

Mimi nimekipata! Bure! Kwa sharti moja. Kilalwe na watu wawili. “Tangu Marcel afe nimekilalia peke yangu, na mimi na kitanda hatujazoea. Mkeo arudi, mlale. Basi.” Nikamwapia, mkono kifuani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepiga simu Fécamp. Akapokea Solange. Akauliza nimenunua cha kumi na mbili au bado. Nikamwambia shemeji, naomba mke wangu. Akasema mke wangu yuko ufukweni anatembea, mgongo umenyooka, anakula kome kwa siagi na analala kama mtoto. “Shemeji yangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wewe ukingo umeshauona?”

Baadaye Odile mwenyewe akapiga. Nikamwambia kipo! Cha wawili! Akauliza kina upana gani. Mita moja na sentimita sitini. Akaniuliza kama nimekula. Anaponiuliza kama nimekula, bado ni mke wangu. Nimekula supu ya vitunguu nikiwa nimesimama, kwa furaha.

Tatizo: kitanda kiko ghorofa ya tatu, mtaa wa pili, na sina gari.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwomba Quesnel. Aibu niliyoipata sitaieleza. Akaja na gari, na mikanda ya kubebea, na hakunicheka. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Tukakifungua kitanda, tukasimamisha matendegu ukutani. Nikamwonyesha Bi Ozanne ile R, kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya urithi. Nikamweleza Roquebert ni nani. Akasikiliza mpaka mwisho. Ni mwanamke mwenye adabu.

“Hiyo R kaichoma Marcel,” akasema.

Nikauliza Marcel yupi.

“Mume wangu. Alikuwa seremala wa hospitali ya kifua kikuu, ile ya kilimani, waliyoifunga. Kila mwaka mkaguzi alipita na orodha. Kitanda kilichochakaa, Marcel anakichoma R, kitolewe. R ya réformé, mwanangu. Kimestaafishwa.”

Quesnel alilazimika kukaa kwenye ngazi. Alicheka mpaka jirani wa chini akafungua mlango.

Bi Ozanne hakucheka. Alieleza, na safari hii nilisikiliza. Mwaka wa hamsini na tatu mji ulikuwa bado vifusi na mabanda tangu mabomu ya vita, na kitanda cha wawili hukipati kwa dawa. Wangeoana Juni. Marcel akaomba vitanda viwili vilivyostaafishwa, akatoa mfumbati mmoja kila kitanda, akaviunga. “Katikati pana ufa. Tukigombana, ufa unakuwa mpana. Tukipatana hatuuoni.”

Sasa nimekaa kwenye Namba Saba. Nimelitazama tendegu lake. R. Nimekwenda kwenye Namba Nne. R. Vyote kumi na kimoja nimevitazama, kimoja kimoja. Nimekusanya miaka tisa vitu ambavyo karani wa serikali aliviona havifai hata kwa mgonjwa.

Nimelala chali pale Odile anapolala. Nikawaza juu ya waliolala hapa kabla yetu: kukohoa, kutazama dari, kungoja barua. Mtu anawekwa peke yake kwenye sentimita themanini kwa sababu ni mgonjwa. Odile si mgonjwa. Nimemweka hapa tangu Oktoba. Nilitokwa na machozi kidogo.

Jumapili nitamwambia Odile maneno haya haya. Nimeyaandika ili nisiyasahau.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekifunga kitanda tangu asubuhi. Nikakipaka nta. Nikatandika godoro jipya, shuka za kitani za mama yangu, foronya mbili zilizonyooshwa. Quesnel akapita kudai mikanda yake, akasimama mlangoni. Akasema ni kizuri. Akasema, bila mzaha, sasa mlaze mkeo. Nikamkaribisha mvinyo wa tufaha. Labda si mtu mbaya.

Saa nane mchana nikaingia mvunguni kukaza parafujo za mwisho. Nikakiona kile kiungo kwa utulivu.

Hapana. Hapana! Hiki si kiungo cha seremala wa hospitali! Mbao mbili zimeingiana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. Na kila ncha imeondolewa ukali kwa patasi, mahali ambapo hakuna mtu atakayepaona maishani. Nani hufanya hivyo? Fundi mkuu hufanya hivyo!

Roquebert hakuwepo. Sawa. Nimekubali, mimi si mtu wa kung'ang'ania. Lakini Ozanne alikuwepo! Marcel Ozanne, na hiki ndicho kitanda chake pekee kinachojulikana duniani. Pekee! Na mimi, mjinga mkubwa, nimeweka godoro juu yake.

Nimeliandikia jarida. Barua ya tano.

Godoro nimeliacha, kwa ajili ya Odile. Ila nimezungusha kamba nyembamba ya hariri, kutoka tendegu hadi tendegu. Ni ya muda tu.

Jumapili, 10 Machi

Alifika saa nane na nusu, na sanduku. Na sanduku! Nililiona kabla sijamwona yeye. Rangi imemrudi usoni. Nikampeleka chumbani nimemshika mkono.

Akakitazama muda mrefu. Akapitisha kiganja juu ya mfumbati. Akasema, “Gaétan, hiki kizuri kweli.” Katika miaka tisa hajawahi kusema hivyo. Akauliza kamba ni ya nini. Nikasema si kitu, nikaifungua haraka.

Akajilaza. Hivyo hivyo, na koti lake, na viatu vyake, upande wake wa siku zote, wa kushoto. Akafumba macho. Akapiga godoro mara mbili kwa kiganja, pale kando yake.

“Njoo basi.”

Nilikuwa nimengoja neno hilo wiki nzima. Labda nimelingoja tangu Oktoba. Niliyaona maneno yangu ya Ijumaa yamekaa tayari mdomoni. Halafu nikaona kifungo cha chuma cha kiatu chake. Kilikuwa sentimita mbili, labda mbili na nusu, kutoka kwenye ubao wa miguuni.

Nikasema nakuja, dakika moja. Nikaenda kutafuta kitambaa. Kile cha jikoni ni kigumu, kingekwaruza nta. Nikatafuta cha flaneli. Nikakikung'uta dirishani, maana vumbi nalo ni msasa.

Niliporudi alikuwa amesimama, anafunga vifungo vya koti. Akauliza kitambaa ni cha nini. Nikamwambia ukweli. Huwa namwambia ukweli, na haujawahi kunisaidia. Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akainama, akanyoosha shuka pale alipokuwa amelala mpaka alama yake ikapotea.

Nikamwambia ngoja, nikufungulie daftari, kuna maneno nimeyaandika. Akasema atayasoma siku nyingine. Akanibusu shavu la kulia, kisha la kushoto, kama tunavyobusiana na majirani. Akachukua sanduku lake. Basi la Fécamp ni la saa kumi na robo.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Sikulala vizuri.

Bi Ozanne amepiga simu kutoka nyumbani kwake, kati ya makasha, kuuliza kama tumelala. Nikasema kitanda kinapendeza sana. Akasema hakuuliza hilo.

Nimewaza mengi leo, na nimeona kosa langu liko wapi. Liko kwenye ubao wa miguuni. Hakuna mtu anayeweza kumkaribisha mkewe kwenye kitanda ambacho ubao wake wa miguuni hauna kinga. Kitambaa kingekuwa kimetangulia, yote haya yasingetokea. Nitamwandikia Odile nimweleze hivyo. Ataelewa, ni mwanamke wa busara.

Saa tano Quesnel akapiga. Kuna kabati na viti viwili kwa jirani wa zamani wa Ozanne, na jirani anadai ni mkono wa Marcel. Akasema ananiambia mimi kwanza. Akauliza, kwa sauti ya taratibu isiyo yake, kama kweli nina nafasi.

Nimezunguka nyumba nzima na simu sikioni, chumba kwa chumba. Nikamwambia ninayo. Ninayo tele.