Pikipiki ya Marehemu na Moshi Wake

Jumatatu, 7 Novemba 1988. Kamachumu.

Leo nimehukumiwa. Bila kosa! Mkamwana wangu Adventina kakaa nyuma ya mlango wa jiko, mimi nimekaa uani, na dada yangu Klaudia kasimama katikati kama redio. Ndiyo heshima yetu: mke wa mwana hamkemei baba mkwe usoni. Anamkemea kupitia shangazi. Na mimi nasikia kila neno, maana mlango wenyewe ni wa mabua.

Hukumu ni hii. Adventina ni muuguzi. Zahanati ya kanisa inatafuta pikipiki ya kuwapelekea wagonjwa dawa na unga wa uji majumbani, wale wasioweza tena kuinuka. Sisi pikipiki tunayo, ile nyekundu aliyoacha marehemu mwanangu Rugambwa, mumewe. Lakini zahanati inataka mpandaji mwenye leseni. Tena pikipiki isitoe moshi, kwa sababu wagonjwa wanakohoa vya kutosha. Kwa hiyo, akasema mlango, mtu wa nyumba hii akipata leseni kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, pikipiki itabaki. Asipopata, itauzwa kwa Ndyamukama.

Ndyamukama! Binamu yangu, jirani yangu, kidonda changu. Anaitaka akabebee samaki kutoka ziwani. Pikipiki ya mwanangu inuke sangara!

Nikamwambia Klaudia amwambie mlango kwamba mimi naendesha pikipiki hiyo tangu matanga yaishe na sijaua mtu. Mlango ukajibu kwamba nimeua kuku wanne. Watatu! Yule wa nne alikuwa mgonjwa.

Mtu wa nyumba hii. Mwingine nani kama si mimi?

Jumanne, 8 Novemba.

Nimeanza na moshi. Sielewi kelele za nini. Moshi ni nguvu. Petroli yake inachanganywa na oili, na mimi nachanganya kwa jicho, halafu naongeza kidogo kwa upendo. Klaudia anasema tangu mabomu ya Amini hajaona kitu kama kile kikipanda juu ya kibanja chetu cha migomba. Anapenda kukuza mambo. Wakati wa Amini yeye alikuwa amejificha Kashozi kwa masista, aliona nini?

Dawa nimeipata mwenyewe. Nimeziba bomba la moshi kwa nyuzi za mgomba, nikashindilia kwa mti. Nikawasha. Kimya kizuri. Moshi hakuna! Na mngurumo hakuna. Nikapiga teke, nikapiga teke. Teke la mwisho nyuzi zikatoka kama risasi, zikapita dirishani kwa Ndyamukama, zikaingia ndani ya sufuria yake ya matoke.

Kaja na sufuria mkononi. Kasema kwa upole ule wake wa kuudhi kwamba hana haraka, atasubiri Ijumaa, ila nisiharibu mali yake kabla hajainunua.

Alhamisi, 10 Novemba.

Kuna mwizi! Jana jioni niligusa injini ya pikipiki: ya moto. Mimi sijaipanda kutwa nzima. Matairi yana udongo mwekundu wa kule uwanja wa shule. Petroli imepungua. Sihitaji kuambiwa. Ndyamukama anaijaribu kisirisiri, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kualikwa.

Nimetega. Nimemwaga majivu kuzunguka pikipiki, nikaenda zangu kukagua kahawa. Niliporudi, nyayo! Ndogo, nyembamba, zimepangika vizuri. Ndyamukama ana miguu kama ya mwanamke, nilijua siku zote. Nitautunza ushahidi huu. Nimeufunika kwa ungo.

Adventina anachechemea. Ana mkwaruzo kwenye ugoko. Kazi ya zahanati inachosha, maskini. Nimemtuma Klaudia ampe pole.

Jumamosi, 12 Novemba.

Leo nina akili kuliko watu wote wa Muleba.

Nilikuwa natazama shimo la kuivishia ndizi za rubisi, pombe yetu. Kila mtu anajua kazi yake: unapanga mikungu, unafunika kwa majani na udongo, unawasha moto pembeni, moshi unaingia, ndizi zinaiva. Kuni zimekuwa adimu. Moshi unatakiwa. Na mimi, nani ana moshi kuliko mimi?

Basi nimechimba mfereji, nikaufunika kwa magome ya mgomba, nikaegesha pikipiki, bomba likaangalia shimoni. Nikawasha. Waitu! Hata uzi mmoja wa moshi haukupanda angani. Wote chini, wote kwenye ndizi. Wagonjwa wasikohoe, ndizi ziive, na mimi nipate rubisi ya kumpelekea afande wa leseni Bukoba. Si rushwa. Zawadi. Mgeni akikutembelea mikono mitupu utamfikiriaje?

Klaudia kapita, kasema ndizi haziivishwi kwa pikipiki. Nimemwambia akapike.

Jumatatu, 14 Novemba.

Ndizi zimeiva! Njano kama kanzu za kwaya. Nyeusi kidogo upande wa bomba. Nimezikanyaga mwenyewe kwa nyasi kwenye mtumbwi wa kukamulia pombe, nimetia mtama. Harufu ya moshi wa oili imenikaa puani, lakini harufu hiyo iko kwenye masharubu yangu tangu mwaka jana, siwezi kusema inatoka wapi. Sijaonja. Pombe ya zawadi haifunguliwi.

Kaburi la Rugambwa liko hapo karibu na mtumbwi. Nimemwagia kidogo, kama inavyopasa. Mwaka wa pili sasa. Wa ugonjwa ule ule ambao hapa kwetu kila nyumba inaujua na hakuna anayeutaja. Kwa jirani yetu Mushumbusi wamezika wawili tangu mavuno.

Nikiwasha pikipiki mlio ni wa mwanangu. Najua ni chuma. Nasema tu.

Majani ya ule mgomba jirani yamekauka baada ya kumwagia. Nadhani ni jua.

Jumatano, 16 Novemba. Bukoba, halafu nyumbani.

Sitaki kuandika. Naandika.

Ndyamukama aliomba kuja. Alisema anataka kunishangilia. Alitaka kuniona nikianguka, lakini ndiye mwenye dumu la petroli, nikakubali. Mimi mbele, yeye nyuma, kibuyu cha rubisi katikati kama mtoto wetu. Njiani watu wakikimbia. Walidhani gari limewaka.

Tulipofika Nyanga, karibu kuingia mjini, akili ikanijia. Mtu asiye na leseni anafikaje kwenye mtihani wa leseni akiendesha? Nikazima. Tukaisukuma. Kilima chote! Ndyamukama akihema nyuma yangu, akiniita majina ambayo marehemu baba yetu mkubwa angemchapa kwayo.

Afande anaitwa Mayenga. Msukuma, mrefu, mwenye subira ya mchunga ng'ombe. Akatutazama tulivyolowa jasho. Akauliza nani ameendesha kuja hapa. Nikamnyooshea kidole Ndyamukama. Ndyamukama akaninyooshea mimi. Afande akasema sawa, inaonekana imekuja yenyewe.

Nikatoa kibuyu. Nikasema salamu kutoka Kamachumu. Akasema akiwa kazini hanywi, lakini amekaa na Wahaya miaka ya kutosha na anajua kwamba mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni.

"Onja, babu," akasema.

"Onja vizuri, binamu," akasema Ndyamukama. "Shusha kabisa. Usimtie afande wasiwasi."

Nikaonja.

Sijui niandikeje. Nimewahi kunywa gongo ya magendo. Nimewahi kunywa dawa ya minyoo ya ng'ombe kwa kukosea. Hii ilikuwa kama kulamba gereji. Machozi yakatoka, na mimi nikitabasamu, nikimwambia afande kwamba imeiva. Afande akanusa. Akanitazama. Akamwita fundi wa pale, akamkabidhi kibuyu, fundi akaoshea nacho mnyororo wa pikipiki ya polisi. Ukang'aa. Hilo niliandike: ukang'aa!

Halafu mtihani. Mapipa yamepangwa, unapita katikati ukichora nane kamili, usikanyage chini. Na sasa nasema kweli, na aliye juu ananiona: sijawahi kuendesha vile maishani mwangu. Nilipinda kama nyoka majanini. Mguu haukugusa. Breki nilishika kwa vidole viwili. Nilikuwa naendesha kama Rugambwa! Nikasimama mbele ya mstari, nikazima, nikasubiri makofi.

Sikuona mtu. Uwanja mzima mweupe. Mtu fulani alikuwa anakohoa upande wa ofisi. Baadaye sana upepo wa ziwani ukaja, afande akatokea polepole, kwanza kofia, halafu uso, leso mdomoni.

Nikamuuliza imekuwaje.

"Babu," akasema, "mimi nimeona moshi. Moshi umefaulu. Wewe sijakuona."

Nikalia. Nikamwambia nilipita yote. Nikamwomba amuulize shahidi. Shahidi alikuwa amelala chini kwenye majani, anacheka mpaka anashika mbavu, na alisema hata yeye hakuona kitu, ila alisikia vizuri.

Arudi mwezi ujao, akaandika. Mwezi ujao! Na Ijumaa ni keshokutwa.

Alhamisi, 17 Novemba.

Nimelala kutwa. Nimemtuma Klaudia kwa mlango na ujumbe kwamba afande alikosa macho. Mlango haukujibu. Adventina hakuwepo. Klaudia anasema ameomba ruhusa zahanati, ana shughuli Bukoba. Pikipiki nayo haipo! Ndyamukama kashindwa kusubiri hata siku moja. Nilikwenda kwake na ule ungo wangu, nimechora juu yake kipimo cha zile nyayo za majivuni. Nikamwambia atoe mguu. Akatoa. Mguu kama jembe. Ungo mzima haukumtosha.

Ana miguu mikubwa. Basi ni mwizi mwingine.

Ijumaa, 18 Novemba.

Asubuhi watu wote uani. Ndyamukama kavaa koti la kanisani, kaleta kamba ya kuifungia matenga ya samaki. Mlango umefungwa. Klaudia kasimama katikati. Nikaanza kutoa hotuba niliyotunga, kwamba pikipiki si chuma, kwamba sauti yake ni ya mtu wangu, kwamba wanichukulie shamba waniachie hiyo. Nilikuwa nimefika mahali pazuri, hata Ndyamukama alikuwa ameshusha macho, ndipo mlango ukasema:

"Shangazi, mwambie Tata asilie. Leseni ipo."

Nikamwambia Klaudia amwulize ipo wapi. Mkono ukatoka kwenye mabua. Kijitabu. Klaudia akakifungua. Picha: Adventina, kitambaa kichwani, uso mkali. Pikipiki. Bukoba. Tarehe ya jana.

Mtu wa nyumba hii!

Mlango ukaeleza, kwa heshima, ukiinama bila shaka. Kwamba masista wa hospitali wanaendesha, kwa nini yeye asiendeshe. Kwamba Rugambwa mwenyewe alianza kumfundisha kabla ugonjwa haujamlaza. Kwamba amekuwa akifanya mazoezi uwanja wa shule jioni. Kwamba anaomba radhi kwa majivu. Kwamba oili ametia kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko wa tangi.

Kuna maandishi kwenye mfuniko? Mwaka na zaidi nafungua mfuniko ule. Nilidhani ni jina la kiwanda.

Akatoka nyuma ya nyumba, akawasha. Haikutoa kitu. Labda pumzi, kama ya mtu asubuhi ya baridi. Akaweka sanduku la dawa, akapiga goti kidogo kunisalimu, akaenda. Ndyamukama kabaki na kamba yake. Nikamshauri aifungie suruali.

Lakini mlio, waitu. Safi. Haukuwa na kikohozi. Ndivyo ulivyokuwa zamani, wakati wake. Mimi nilikuwa nimeusahau. Nilikuwa nakumbuka ule nilioutengeneza mimi.

Jumapili, 20 Novemba.

Baada ya ibada mchungaji kamsifu Adventina mbele ya watu. Mzee mmoja mgonjwa kule bondeni amesema safari hii pikipiki imefika kabla ya harufu yake. Watu wakanigeukia. Nikapunga mkono.

Nimefikiri sana. Nimeyapima yote, kama mtu mzima aliyesoma mpaka darasa la nne. Na nimeona kosa langu. Moshi ulikuwa mchache! Ungekuwa mzito zaidi kidogo, afande asingeona hata kwamba kuna mtihani, angesaini tu aende akanywe maji. Nilibania oili.

Pili, nataka kupanda tena. Nyuma siwezi: baba mkwe hamkaribii mke wa mwanawe, sembuse kumshika kiuno. Lakini sanduku la dawa likikaa katikati, mimi nyuma ya sanduku, yeye mbele ya sanduku, heshima iko wapi imevunjika? Nitamtuma Klaudia kwa mlango. Mlango ukikataa, ninayo njia nyingine. Kesho asubuhi, Adventina akiwa anaoga, naongeza oili kwenye tangi. Kidogo tu, kwa upendo. Pikipiki itaumwa. Wataniita mimi, maana nani mwingine anaijua?

Ndyamukama kakubali kunipa oili, kamba yake ya samaki bado begani. Tumepatana vizuri leo, ameniita hata kaka. Kasema niimimine yote, nisibanie.