Sir Edmund wa Jules Street

Jumatatu, 11 Agosti

Dhuluma! Shule ya binti yangu Shekinah, hapa Kensington yetu ya kusini mwa Afrika, inaandaa mchezo wa kuigiza wa wazazi. Unahusu Sir Edmund, mbunge wa Uingereza enzi za wafalme wa Tudor. Bwana mwenye mashamba na maneno matamu. Kila mtawala akibadilika, naye anabadili sala. Akafia kitandani, kichwa kikiwa bado shingoni. Mtu wangu kabisa! Nani kapewa nafasi hiyo? Burhani, Mtanga muuza simu. Mimi, Lambert wa Bukavu, msusi mwenye sifa Jules Street nzima, nimekuwa bawabu wa Bunge. Nasema tu, "Mlango umefungwa." Shekinah kacheka. Kwa Kiingereza. Nyumbani nikimsemesha Kiswahili, hunijibu kwa Kiingereza hicho hicho.

Jumanne, 12 Agosti

Sir Edmund alipanda kwa kuwapendeza wakubwa. Kwa hiyo nimemsuka Mwalimu Thandeka, anayeongoza mchezo, bure. Katoka saluni kama malkia. Kashukuru hadi machozi. Kisha kaniongezea kazi: nitengeneze ndevu za wabunge wote. Eish.

Jumatano, 13 Agosti

Mbinu mpya. Nimemwambia Burhani mazoezi yamehamia Mayfair, ng'ambo ya mji. Kaenda! Nikajipanga kusimama mahali pake, maana maneno ya Sir Edmund nimeyameza yote. Mwalimu akasema leo tunafanya sehemu ya mlango tu.

Jioni Burhani karudi, anacheka. Hakukuta mazoezi, basi kaswali msikitini na kualika kwenye mchezo kila aliyemwona. Wenye maduka wa Kisomali wanakuja wote. Na kaniomba radhi kwa kusikia vibaya! Mtu huyu hana hata adabu ya kukasirika.

Ijumaa, 15 Agosti

Mke wangu Marcelline, fundi cherehani, kashona kola la Sir Edmund. Jeupe, mikunjo tele, pana kama sinia. Nikamwomba alibane kidogo, sauti ya Burhani isipite. Kaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya mchezo. Asubuhi simu. Burhani! "Kaka, mke wangu Najma kashikwa uchungu, siji. Vaa wewe kola. Najua maneno umeyameza."

Nikaona haya. Kidogo. Nikavaa.

Ukumbi umejaa, Mayfair nzima. Nikafika pale Sir Edmund anapomwombea rafiki yake kwa Malkia asikatwe kichwa. Kiingereza chote kikayeyuka! Nikapiga magoti, nikasema kwa Kiswahili: "Malkia, nimeinama mbele ya baba yako, kaka yako na dada yako. Leo niruhusu nisimame wima, nimwombee rafiki yangu."

Mara sauti kutoka viti vya nyuma, ikitafsiri kila neno kwa Kiingereza. Shekinah! Kasimama, hakosei. Watu wakainuka kwa makofi. Ndevu zangu zikalowa, zikabanduka.

Njiani kaniambia, kwa Kiswahili: "Papa, umeweza."

Jumapili, 17 Agosti

Tumemwona mtoto wa Burhani. Msichana, mapafu ya mbunge. Burhani kanikumbatia. Nikaapa moyoni: hila basi, kabisa.

Kisha Mwalimu Thandeka kapiga simu. Mwakani wanaigiza yule mfalme mwenye wake sita.

Nimeshamwambia Burhani mfalme huyo alikuwa bubu. Kaamini. Mungu ni mwema!