Ua la Juu Kushoto

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Mtoni, Temeke. Miaka thelathini na miwili tangu niondoke Unguja. Leo nimeamua kunufaika nayo. Hoteli moja Kunduchi inatafuta mlango wa kale wa nakshi. Nitawapa mlango wa nyumba yetu ya Malindi, kule Unguja, nilivyouchora kwa kumbukumbu na rula. Utachongwa na mtambo niliouunda: mota za printa mbovu, kompyuta ya mnadani. Kisha moshi wa kuni, na mlango utakuwa umezeeka miaka mia. Jirani yangu Shomari, seremala, anawachongea wake kwa patasi. Masikini!

Jumanne, 6
Balaa! Maua yote sawa, isipokuwa la juu kushoto. Limelala upande, kama mtu anayesikiliza. Mota hizi hutembea hatua kwa hatua. Zikiruka hatua, kompyuta haina habari. Inaamini imefika. Shomari alichungulia, akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akauliza kama mtambo umeanza kunywa gongo. Nimelaumu mashine ya kusaga ya mtaani: ikiwaka, umeme hufifia.

Jumatano, 7
Nimengoja mashine ya kusaga ifungwe. Ubao mpya, ua lile lile. Nimepunguza mwendo. Nimepaka grisi. Nimezipuliza mota kwa feni ya chumbani, na mke wangu Tabu, aliyelala na joto, hasemi nami. Ubao mwingine: mlalo ule ule. Hitilafu hubahatisha. Hii haibahatishi.

Alhamisi, 8
Nimeipata! Skrubu inayobana mota ya upande ilikuwa imelegea. Nimeikaza hadi kiganja kikauma. Nikafunga kalamu badala ya kisu, nikajaribu kwenye karatasi: ua limesimama wima. Nilishangilia peke yangu. Nikaweka mbao za mlango wenyewe. Ua limelala. Tabu amefukiza ubani. Nimemwambia sisi ni watu wa sayansi. Kisha nimemwomba aongeze.

Ijumaa, 9
Dada yangu Farida kaja kwa boti kutoka Unguja. Mlango nilikuwa nimeuegemeza ukutani. Nyuma yake matofali tu. Farida alisimama mbele yake, akavua viatu, akapiga hodi. Nilicheka. Hakucheka. Akapapasa juu kushoto bila kutazama, akauliza nani kanipa mlango wa Baba. Nikasema ni skrubu.

"Skrubu gani, Kaka Anwar? Ua hili lilikuwa limelala siku zote. Fundi aliteleza, Baba akakataa lisirekebishwe. Tukichelewa gizani tunalipapasa, tunajua tumefika. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Mlango wa asili uling'olewa mwaka ule nilioondoka. Pale pamezibwa kwa mabati. Farida anataka huu ukae pale, na niupachike kwa mkono wangu.

Jumamosi, 10
Asubuhi nimekuta kichwa cha mtambo, nilichokiacha kwenye kona yake ya kuanzia, kimesimama palepale penye ua. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa tangu jana. Shomari ameapa hakugusa, na hakutania. Ameubeba mlango hadi bandarini, akausifu njia nzima. Lo! Kabla ya kupanda boti nao, Farida aliniuliza tena kama nitakwenda kuupachika. Nikamwambia nina kazi ya watu.

Nimeagiza mota kubwa zaidi. Hizo hazitaruka hatua, na ua la hoteli litasimama wima. Farida amesema ule mlango hautatiwa komeo.

Sitarudi.