Ukaguzi Mlangoni kwa Maman Yolande

Mathieu aliisoma habari kwenye simu, na kabla hajafika kwenye nukta, kahawa za watu zilikwishaanza kupoa: wakaguzi wa nchi jirani wanakuja Ubelgiji kuangalia kama sheria za kusafiri bila pasipoti zinafuatwa.

"Donc Wajerumani banakuya kukagua Wabelgiji?" aliuliza. Walimwita Kiberiti, kwa kupenda kuchochea. "Na Wajerumani, nani anabakagua?"

"Wabelgiji," alijibu Ghislain.

"Aba! Mbuzi anachunga mbuzi!"

Ghislain alinyoosha tai. Kijiwe kizima cha karibu na stesheni ya Gare du Midi kilimwita Article, yaani Kifungu, maana hata ukipiga chafya atakutajia kifungu cha sheria. Leo alikuwa ndani ya suti ya bluu, imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Alingoja basi la kwenda Cologne, kwa Wajerumani. Kesho angesema kwa niaba ya familia katika mahari ya mpwa wake Dady, na wakwe walishaonya: msemaji asipofika, binti haendi popote.

"Njo vizuri hivyo," alisema. "Kila muntu anachungulia chungu ya jirani. Tena wakaguzi banaweza kuingia gafula, bila kupiga hodi. Iko mu sheria."

"Muke yangu anafanya vile, na hajasoma sheria," alisema Jef, mzee wa Kibelgiji aliyeuacha ujana wake Likasi, alikojifunza Kiswahili.

"Mais Wajerumani banasimamisha mabisi, banaomba papiers!" Kiberiti hakukubali kuzimwa. "Sasa bila mupaka ni wapi?"

"Ile ni ya muda tu!" Article alijibu. "Muntu wa heshima anapita sawa upepo. Mupaka ulikufa zamani, Mathieu."

"Ulikufa," alidakia Maman Yolande, mwenye mkahawa, "mais muzimu yake ingali inaomba carte."

Wakacheka. Article akainuka kwenda zake. Yolande akamtangulia mlangoni, akaulaza ufagio toka upande hadi upande kama kizuizi cha mpakani.

"Papa Article, carte yako."

"Maman, unanipatisha haya mbele ya bantu!"

"Visite ya gafula. Ni weye ulisema."

Akatabasamu kama mtu mkubwa anayecheza na watoto, akatia mkono mfukoni. Leso. Mfuko wa pili, karanga. Wa tatu, hotuba ya mahari. Tabasamu likamkauka. Sasa aliiona akilini kadi yake ya kitambulisho waziwazi: imo ndani ya koti jeusi la kila siku, limetundikwa nyuma ya mlango nyumbani kwake Evere. Suti aliivaa kwa heshima ya wakwe.

"Bon," alisema polepole. "Kasoro moja."

Jef alikwishatoka nje kusimamisha teksi ya kumrudisha Evere. Article akainama, akapita chini ya ufagio, suti na yote. Teksi ilipong'oka, kichwa chake kikachomoza dirishani.

"Mathieu! Kimbia Midi, usimamishe ile bisi!"

"Niisimamishe? Na article gani, Papa?"

"Yoyote!"